Je, picha niliyonunua ni ya Henry Purcell kweli, na ninaweza kuisafisha mwenyewe?

“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpiga kinanda katika ibada ya Kiswahili ya kanisa letu hapa Leicester, Uingereza. Mwaka jana vitu vya nyumba ya mzee mmoja aliyefariki viliuzwa, nami nikanunua picha ya rangi ya mafuta ya mwanamume mwenye wigi refu la kahawia na kitambaa cheupe shingoni. Ina urefu wa sentimita 76 na upana wa sentimita 63. Kwenye fremu kuna kibao cha shaba chenye maneno ‘Henry Purcell, 1658–1695’, na nyuma ya turubai kuna muhuri uliofifia ambamo nimeweza kusoma ‘Winsor & Newton’ na ‘Rathbone Place’. Picha ina giza mno, imejaa nyufa ndogondogo, na karibu na bega la kushoto rangi imeanza kunyanyuka kama magamba. Katika makumbusho ya National Portrait Gallery mjini London nimeona picha inayofanana nayo, ambayo maelezo yake yanamtaja mchoraji John Closterman. Je, yangu inaweza kuwa ya asili? Rafiki ananishauri niisugue kwa kiazi kilichokatwa, na mtu mwingine yuko tayari kuinunua kwa pauni 400. Nifanye nini?”

Marahaba. Umeuliza kuhusu asili ya picha, kuhusu kuisafisha na kuhusu kuiuza, lakini jambo la haraka kuliko yote umelitaja kama la kupita tu, nalo ni ile rangi inayonyanyuka karibu na bega. Kabla ya kumfikiria Purcell, yule mtunzi wa muziki Mwingereza wa karne ya 17, au zile pauni 400, iteremshe picha ukutani kwa mikono miwili, ukishika fremu pande zote mbili wala si kamba ya nyuma, kisha ilaze chali, uso ukielekea juu, mahali pakavu ambapo watoto na wageni hawapiti. Usiyabonyeze magamba hayo kwa kidole, usiyabandike kwa gundi wala kwa utepe, na usipitishe juu yake hata kitambaa cha kufutia vumbi. Ikiwa kuna vipande vilivyokwisha kudondoka, viokote kwa brashi laini, uvitie katika bahasha ya karatasi na uandike vilianguka kutoka upande gani, kwa sababu mhifadhi wa michoro, yaani fundi wa kutunza na kutengeneza picha za kale, anaweza kuvirudisha mahali pake hata vikiwa vidogo kama punje za mtama.

Sababu ya tahadhari hii ni kwamba picha ya rangi ya mafuta ni matabaka kadhaa yaliyoshikana. Chini kabisa kuna kitambaa cha kitani kilichopakwa gundi ya ngozi za wanyama. Juu yake kuna tabaka la msingi. Kisha zinakuja rangi zenyewe, na mwisho vanishi. Gundi na kitambaa hunyonya unyevu wa hewani na kuuachia tena, hivyo hulegea na kukaza kila hali ya hewa inapobadilika, na nyumba ya Uingereza inayopashwa moto mchana na kuachwa ipoe usiku huvichosha zaidi. Rangi ya mafuta iliyozeeka ni ngumu na haiwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo hupasuka. Nyufa peke yake hazina ubaya. Picha nyingi sana za kale zilizo katika makumbusho makubwa zinazo, nazo zimetulia. Hatari huja pale ambapo kingo za ufa zimeinuka, maana hapo tabaka moja limeachana na lililo chini yake. Kinachotakiwa ni gundi maalumu ipenyezwe chini ya magamba, mara nyingi huku mhifadhi akitazama kwa hadubini, na kazi hiyo haifanyiki mezani nyumbani.

Hapo tayari unaona kwa nini ninakataa kiazi. Ushauri huo ni wa zamani, na pamoja na nusu ya kitunguu, mkate laini na maji ya sabuni umezunguka Ulaya kwa vizazi vingi. Tena huonekana kufanya kazi, kwa kuwa unyevu wa kiazi hubeba sehemu ya vumbi na masizi, na uso wa picha hung’aa kwa siku chache. Yasiyoonekana ni wanga unaobaki ndani ya nyufa, ambao ni chakula cha ukungu, na maji yanayopita katika nyufa hizo hizo hadi kwenye gundi ya chini na kuivimbisha. Katika picha ambayo rangi yake imekwisha kuachia, kiazi kitaondoka na vipande vya bega. Ajabu ni kwamba wahifadhi wenyewe wakati mwingine husafisha kwa mate yaliyolowesha kijiti cha pamba, kwa sababu mate yana vimeng’enya vinavyolegeza uchafu wa mafuta; lakini hufanya hivyo baada ya kujaribu kwenye eneo dogo la pembeni, juu ya rangi waliyohakikisha kuwa imeshika, na pamba hubadilishwa kila inapochafuka.

Pia giza la picha halitokani na chanzo kimoja, na mtu asiyejua ameshika tabaka gani anaweza kuondoa lisilopaswa kuondolewa. Juu kabisa huwa kuna masizi ya makaa, moshi wa tumbaku na vumbi la miaka. Chini yake kuna vanishi, ambayo kama ilitengenezwa kwa utomvu wa miti, kama ilivyokuwa desturi, hugeuka njano na baadaye kahawia kadiri inavyokutana na hewa na mwanga. Kola nyeupe ndiyo huisaliti mapema, kwa kuwa huonekana kama iliyochovywa kwenye chai. Tabaka la tatu ni rangi za matengenezo ya zamani, ambazo mtengenezaji wa enzi fulani alizilinganisha na rangi za jirani na ambazo sasa zimebadilika zikawa madoa. Vimiminika vinavyoyeyusha vanishi huweza pia kula rangi nyembamba zilizopakwa mwisho kabisa ili kuleta vivuli. Katika picha ya mtu mwenye wigi la kahawia, vivuli vya mikunjo ya nywele ndivyo vilivyo hatarini zaidi, na vikishatoka, wigi hubaki kama bonge la rangi tupu. Nimeziona picha kadhaa zilizochunwa namna hiyo, na hakuna wa kuzirudishia kilichofutwa. Kinachowezekana ni kuchora upya juu yake, na hiyo si kazi ya mchoraji wa kwanza tena.

Sasa tumzungumzie Purcell. Wewe kama mpiga kinanda huenda unamjua kwa muziki wake kuliko kwa uso wake. Alianza kazi ya mpiga kinanda wa Abasia ya Westminster mwaka 1679, akiwa na umri wa miaka kama 20, akimpokea John Blow. Mwaka 1682 akawa pia mmoja wa wapiga kinanda wa kikanisa cha kifalme. Alifariki tarehe 21 Novemba 1695 na kuzikwa ndani ya abasia hiyo, karibu na kinanda. Kwa mtu aliyeishi muda mfupi hivyo, sura yake imehifadhiwa vizuri kuliko za wanamuziki wengi wa Uingereza waliomtangulia. Kitabu cha sonata zake kilichotoka 1683 kilikuwa na chapa ya uso wake, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa kwenye karatasi, iliyotaja umri wa miaka 24. Mwishoni mwa maisha yake alichorwa na John Closterman, mzaliwa wa Osnabrück katika Ujerumani aliyehamia Uingereza mwaka 1681. Na mwaka 1698, mjane wake alipotoa mkusanyo wa nyimbo uitwao Orpheus Britannicus, Robert White alichonga chapa ya uso huo kwa kufuata kazi ya Closterman, na kwa njia hiyo sura ya Purcell ikaingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kumwona.

Angalia kwamba hata makumbusho uliyoyatembelea hayajipi uhakika kupita kiasi. Picha yao ya mafuta huelezwa kuwa ya Closterman au ya mtu aliyemfuata, yaani wenye elimu na vifaa vyote wamekiri kwamba huenda ni nakala nzuri ya zamani. Kunakili lilikuwa jambo la kawaida na la heshima katika enzi hiyo: familia, marafiki na vyuo vilitaka sura ya mtu mashuhuri, na mchoraji, msaidizi wake au fundi mwingine kabisa aliitengeneza tena. Kwa hiyo kufanana na picha ya London hakuithibitishi yako, kwa kuwa nakala hutengenezwa ili ifanane.

Kibao cha shaba ulichokiona kina faida, ila si ile unayoitarajia. Kibao ni mali ya fremu, na fremu hubadilishwa, huuzwa peke yake na hupewa picha nyingine yenye vipimo vilevile. Tofautisha na picha ya John Bull, mpiga kinanda wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliyoko Oxford: hiyo ina mwaka 1589 na umri wa miaka 26 vilivyoandikwa kwa rangi juu ya picha yenyewe, na ushahidi wa aina hiyo una uzito mkubwa zaidi. Katika kibao chako kinachonivutia ni mwaka 1658. Bamba la kaburi la Purcell linasema alifariki katika mwaka wa 37 wa umri wake, maana yake alikuwa amekwisha kutimiza miaka 36 lakini bado 37. Ukihesabu kwa makini utapata kwamba alizaliwa kati ya mwishoni mwa Novemba 1658 na tarehe 21 Novemba 1659. Aliyetoa 37 katika 1695 kwa haraka alipata 1658, na mwaka huo ndio uliozoeleka katika vitabu vya karne ya 18 na ya 19, ilhali siku hizi huandikwa 1659. Kwa hiyo kibao chako kimetoka katika mapokeo ya zamani, na sitashangaa kikiwa cha mwisho wa karne ya 19, wakati Waingereza walipokuwa wakimrudia Purcell kwa bidii: chama cha kuchapisha kazi zake kilianzishwa mwaka 1876, na mwaka 1895 waliadhimisha miaka 200 tangu afariki. Ulikuwa wakati mzuri wa kuagiza nakala ya kutundika katika ukumbi wa kwaya.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote unao wewe mwenyewe na umeutaja bila kuutumia, nao ni ule muhuri. Winsor & Newton walianza biashara ya rangi na vifaa vya uchoraji mwaka 1832, na anwani yao ya mwanzo ilikuwa hapo hapo Rathbone Place, London. Turubai yenye muhuri wao haiwezi kuwa ilisimama mbele ya Purcell. Kama kitambaa chenye muhuri ndicho kilichochorwa, basi shauri limekwisha: ni nakala ya mwaka 1832 au baadaye.

Hata hivyo, hilo “kama” si la kupuuza. Turubai ya kitani hudhoofika baada ya miaka mia au zaidi, na mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuibandika juu ya turubai mpya ili kuipa nguvu, kama mshonaji anavyotia bitana ndani ya koti. Ikifanyika hivyo, unachokiona nyuma ni kitambaa cha bitana, na muhuri unakuambia bitana ilinunuliwa wapi, wala hausemi lolote kuhusu picha iliyo mbele. Kwa hiyo lililo la lazima kujua kwanza ni kama picha yako ina kitambaa kimoja au viwili. Chukua tochi, bila kuitoa picha katika fremu wala kuvuta msumari wowote, uangalie mahali turubai inapokunjwa kwenye ubao wa nyuma, yaani mbao za ndani ambazo turubai imekazwa juu yake. Ukiona kingo za vitambaa viwili vilivyolala pamoja, mara nyingi na mabaki ya gundi ya kahawia katikati, basi imetiwa bitana. Ukiona kitambaa kimoja chenye tabaka la msingi lililopakwa kwa usawa hadi ukingoni, huenda ni turubai iliyouzwa ikiwa tayari imeandaliwa dukani. Ikiwa kingo zimefunikwa kwa utepe wa karatasi, usiubandue, mwachie mtaalamu.

Wakati upo hapo nyuma, tazama pia pembe za ubao. Pembe zilizoachiwa nafasi ya kutia kabari ndogo za mbao, ili turubai iweze kukazwa upya, zilianza kuenea kuanzia katikati ya karne ya 18; kabla ya hapo pembe zilifungwa moja kwa moja. Ila ubao nao hubadilishwa wakati wa kutia bitana, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Vipimo ulivyonipa navyo havitoi hukumu. Ni inchi 30 kwa 25, ukubwa uliozoeleka kabisa kwa picha ya kichwa na mabega nchini Uingereza tangu karne ya 17 na uliodumu katika maduka ya vifaa kwa miaka mingi baadaye, ndiyo maana hauwezi kututenganishia mwaka 1695 na mwaka 1895.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawapendi kulisikia: picha inaweza kuwa ya kale kweli na isiwe ya Purcell. Wigi refu na kitambaa cheupe shingoni lilikuwa vazi la mwanamume yeyote mwenye nafasi London katika miaka ya 1690, awe mwanasheria, mfanyabiashara wa sufu au mpiga kinanda, na katika karakana kubwa za wachoraji wasaidizi ndio waliojaza wigi na nguo. Halafu jina la mtu mashuhuri hupandisha bei ya uso usiojulikana. Hata mahali ambapo hapakuwa na sura kabisa, watu walitengeneza moja: nyuso za watunzi Thomas Tallis na William Byrd zinazochapishwa hadi leo katika majalada ya vitabu na rekodi zinatoka katika chapa ya karne ya 18, wakati Tallis alifariki 1585 na Byrd 1623, na hakuna sura yao ya hakika iliyobaki. Kwa hiyo unapoilinganisha yako na ya London, lifunike wigi kwa mawazo yako na utazame kope, mzingo wa midomo, umbo la kidevu na umbali kati ya pua na mdomo wa juu. Tazama pia uso umegeukia upande gani. Mchonga chapa akinakili picha jinsi ilivyo kwenye bamba la shaba, chapa hutoka imegeuzwa kushoto kulia, kwa hiyo picha ya mafuta iliyogeukia upande usio wake huwa dalili kwamba aliyeichora alikuwa na chapa mkononi na rangi za nguo alizibuni.

Ukinilazimisha niseme ninaloamini bila kuigusa picha, nitasema kuwa uwezekano mkubwa ni nakala ya karne ya 19 iliyofuata mfano wa Closterman. Uwezekano wa pili, mdogo lakini halisi, ni nakala ya mapema zaidi iliyotiwa bitana baadaye, na wa tatu ni mtu mwingine kabisa aliyepewa jina la Purcell. Kwamba ndiyo picha aliyokaa Purcell mbele yake sina sababu yoyote ya kuamini, na mtu atakayekuambia hivyo kwa kuona picha ya simu tu, mwogope.

Kuhusu zile pauni 400, usiuze kabla haijakaguliwa, hasa mnunuzi akiwa na haraka kuliko wewe. Lakini nakuomba usijenge nyumba juu ya matumaini hayo. Gharama ya kushikiza rangi, kusafisha na kutia vanishi mpya inaweza kuzidi bei ya nakala ya karne ya 19 sokoni, na mhifadhi mwaminifu atakuambia hivyo kabla ya kuanza. Ninachokushauri ulipie kwa vyovyote ni kushikizwa kwa lile bega, kwa kuwa bila hilo picha itaendelea kupotea kidogo kidogo. Kusafisha kunaweza kusubiri miaka mitano bila madhara. Vipimo vya rangi vya maabara vinaweza kuonyesha rangi ambazo hazikuwapo Purcell akiwa hai, kama buluu ya Prussia iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, au nyeupe ya titani ya karne ya 20, lakini hakuna haja ya kulipia hayo ikiwa ukingo wa turubai utatoa jibu bure.

Uko mahali pazuri kwa msaada wa ana kwa ana. Taasisi ya uhifadhi ya Uingereza iitwayo Icon ina orodha ya wahifadhi waliothibitishwa, na unaweza kutafuta aliye karibu na Leicester anayeshughulikia michoro ya turubai. Mwulize mapema ada ya ukaguzi na umwombe ripoti ya maandishi. Kwa upande wa utambulisho, hifadhi na maktaba ya Heinz ya National Portrait Gallery huweka majalada ya picha za watu wa Uingereza, nakala zikiwemo, nayo hupokea watafiti kwa miadi. Usitarajie wakupangie bei, kwa kuwa kazi hiyo si yao. Bei waulize wapiga mnada wawili tofauti, baada ya kupata ripoti ya mhifadhi. Ukiona ukungu mweupe, unga mbichi wa mbao unaodondoka kutoka kwenye ubao wa nyuma, au magamba mapya sehemu nyingine, usingoje miadi ya kawaida, piga simu siku hiyo hiyo.

Kabla ya kumwendea yeyote, piga picha nne kwa mwanga wa mchana bila kuwasha taa ya kamera: uso mzima wa picha, bega lenye magamba ukilimulika kwa tochi kutoka ubavuni, muhuri wa nyuma, na ukingo mmoja ambapo turubai inakunjwa. Andika pia ulichoambiwa na waliouza kuhusu yule mzee, picha ilitundikwa chumba gani na kama aliwahi kuhudumu katika kanisa au kwaya fulani, maana habari hizo husahaulika upesi mara tu nyumba inapomalizwa kugawanywa. Ukinitumia ile picha ya ukingo, nitakuambia kama ninaona kitambaa kimoja au viwili.